Popo wa Nyanya na Twiga wa Malindi: Maana za Wanyama na Mimea katika Fasihi ya Kale ya Kichina

Tumezoea katika jarida hili kusoma jinsi fisi, kobe na sungura walivyobebeshwa tabia za wanadamu. Mimi mwaka huu nimekwenda mbali kidogo, hadi Uchina. Najua kuna mtu atauliza, "Kwani fasihi yetu imeisha?" La, haijaisha. Lakini sikwenda Uchina kwa kupenda kwangu. Nilipelekwa na kitambaa.

Mjomba wangu ni dereva wa lori. Alifanya kazi miaka mitatu katika ujenzi wa barabara, na mkataba ulipokwisha Mchina mmoja aliyekuwa akifanya kazi naye akampa zawadi ya kuagana. Ilikuwa kitambaa chekundu cha kutundika ukutani, katikati kuna neno moja la Kichina, na kandokando popo watano wameshonwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Mjomba akamletea mamake, yaani nyanya yangu, ambaye tunaishi naye. Nyanya alikikunjua, akakitazama, akauliza, "Hawa ni ndege gani?" Mjomba bila kufikiri akajibu kuwa ni popo. Jamani! Nyanya alikitupa kitambaa kile kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Ili mnielewe lazima niseme kwamba babu alifariki mwaka juzi, na usiku wa kuamkia siku hiyo bundi alilia juu ya mparachichi nyuma ya jikoni. Mti huo ulikatwa kabla hata matanga hayajaisha. Tangu hapo nyanya hataki kusikia habari ya kiumbe chochote cha usiku. "Babako aliondoka na ndege mmoja," akamwambia mjomba, "na wewe mwanangu unaniletea watano?" Mjomba hakuwa na la kusema. Mimi nilijaribu kutetea ile zawadi, lakini nilitetea nini na sikujua maana yake? Hapo ndipo nilipoanza kwenda maktaba ya mjini kila Jumamosi. Kichina sikijui, hivyo yote nitakayosema niliyasoma kupitia tafsiri na maelezo ya Kiingereza.

VITAWE VYA KICHINA

Tulipokuwa Kidato cha Kwanza tulifundishwa vitawe. Ukisikia "paa", unaweza kumfikiria mnyama, au sehemu ya juu ya nyumba, au kumtoa samaki magamba. Sisi vitawe tunavijua kama maswali ya mtihani. Wachina walivigeuza kuwa msingi mzima wa ishara zao.

Kichina ni lugha ya toni, sawa na Kikuyu au Dholuo: ukipandisha au kushusha sauti, maana inabadilika. Aidha, maneno yake ya asili ni mafupi mno, mengi yana silabi moja tu. Kwa hiyo maneno yanayofanana kwa sauti ni mengi ajabu. Popo huitwa fu. Heri au baraka pia huitwa fu, kwa toni ile ile. Kwa maandishi ni tofauti kabisa, lakini sikio linasikia neno moja. Basi mtu akichora popo, anayemtazama anasikia "heri" kichwani mwake. Popo watano ni heri tano, na heri hizi tano hazikutungwa na fundi wa vitambaa. Zimetajwa katika Shujing, mojawapo ya vitabu vyao vya kale zaidi: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo chema baada ya kuutimiza umri wako. Lile neno la katikati katika kitambaa chetu ni shou, maana yake maisha marefu.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Yaani nyanya alitupa sakafuni kitu kilichomwombea asiondoke kabla ya wakati wake!

Ukishaufahamu ufunguo huu milango mingi inafunguka. Samaki ni yu, na ziada pia ni yu, hivyo samaki mezani au pichani ni dua ya kubakiwa na akiba. Paa-swara, yule mnyama wa pembe za matawi, huitwa lu, na mshahara wa ofisa wa serikali ya kale pia uliitwa lu. Uzi wa hariri ni si, na kumwaza mpenzi aliye mbali ni si. Washairi wa kusini mwa Uchina walifurahia sana kiwavi wa hariri anayetoa uzi mpaka anakufa. Msikilizaji alijua ni mtu anayewaza mpaka pumzi ya mwisho. Yungiyungi ni lian, na lian nyingine ni kupenda kwa huruma, ndiyo maana katika nyimbo za zamani msichana aendaye kuchuma yungiyungi ziwani haendi kutafuta mboga tu.

Halafu kuna mti wa liu. Sisi hatuna jina lake lililozoeleka, lakini ni mti unaoota kando ya maji, na matawi yake membamba huning'inia kama nywele za mtu aliyeinama. Liu huu kwa sauti unakaribiana na liu nyingine yenye toni tofauti, ambayo maana yake ni "kaa" au "baki". Hapa basi tuna vitate, siyo vitawe! Katika enzi za Han na Tang, mtu akisafiri kutoka mji mkuu wa Chang'an, jamaa na marafiki walimsindikiza hadi daraja la mto Ba, upande wa mashariki, na hapo wakavunja tawi la liu wakampa. Alikuwa anapewa tawi, na wakati huo huo anaambiwa asiende. Ikawa mshairi akitaja mti huu tu, hata asitaje safari, msomaji anajua kuna mtu anaagwa. Mimi nikifikiria steji yetu siku ya kufungua shule za bweni, naona tungehitaji mti kama huo, ingawa makondakta wasingevumilia.

NYIMBO ZA ZAMANI NA PANYA MNENE

Lakini si kila kitu ni mchezo wa sauti. Kitabu chao cha kwanza cha ushairi ni Shijing, chenye tungo 305, zilizotungwa kati ya karne ya 11 na karne ya 6 kabla ya Kristo au karibu na hapo. Nyingi ni nyimbo za watu wa kawaida: wakulima, wanajeshi, wasichana wanaoolewa. Confucius, aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 K.K., aliwahimiza vijana wazisome, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba watajifunza majina ya ndege, wanyama, nyasi na miti. Fikiria mwalimu mkuu wa taifa zima akisema hivyo. Hakusema wakariri sheria kwanza.

Nyimbo hizi zina mbinu ambayo wasomi wao waliipa jina xing. Ubeti unaanza na kitu cha maumbile, bila maelezo yoyote, halafu ghafla unahamia kwa mwanadamu. Wimbo wa kwanza kabisa unaanza na ndege wa majini wanaoitana kisiwani katikati ya mto, kisha tunaletewa kijana anayemtamani msichana mpaka usingizi unampaa. Uhusiano ni nini? Wimbo wenyewe hausemi. Wafafanuzi wa kale walidai ndege hao huishi wawili wawili kwa adabu, kwa hiyo wimbo unasifu malkia mwema. Wasomaji wengi wa siku hizi wanaona ni wimbo wa mapenzi tu, basi. Kwa maoni yangu wa pili wako karibu na ukweli. Lakini ona jinsi ndege mmoja alivyoweza kugombaniwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Wimbo mwingine unamtaja mpichi: maua yake yanang'aa, matunda yanajaa, majani yanasongamana, na kila mara tunarudishwa kwa bi harusi anayekwenda nyumbani kwa mumewe. Hapa istiara ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la sita ataielewa.

Ule ulionigusa zaidi ni wa panya. Watu wanamwambia panya mkubwa asile mtama wao. Wamemlisha miaka mitatu na yeye hata kuwatazama hawatazami. Sasa wanasema watamhama, watafute nchi ya raha. Nani aliwahi kuongea na panya hivi? Tangu zamani wafafanuzi walikubaliana kwamba panya yule ni mtawala anayewatoza watu kodi mpaka wanabaki na ganda. Wakulima wale hawakuweza kusimama mbele ya bwana wao wakamtaja kwa jina. Panya angeweza kutajwa.

MAUA YA WATU WALIOACHA KAZI

Hapa sitakaa sana maana maua ni mengi na nafasi ni kidogo. Baba wa mbinu hii ni Qu Yuan, aliyezaliwa karibu mwaka 340 K.K. katika dola ya Chu. Alikuwa mshauri wa mfalme, akachongewa, akafukuzwa, na mwisho akajitupa katika mto Miluo. Katika utenzi wake mrefu uitwao Li Sao, anajipamba kwa mimea ya harufu nzuri, na anasikitika kuona mimea hiyo ikigeuka kuwa magugu. Mimea hiyo ni uaminifu wake na wa wenzake. Magugu ni wale walionunuliwa. Karne kadhaa baadaye mfafanuzi Wang Yi alilieleza jambo hili wazi: ndege wazuri na mimea inayonukia ni watu waaminifu, ndege wabaya na vitu vinavyonuka ni wachongezi.

Tao Yuanming yeye hakujitupa mtoni. Mwaka 405 alikuwa hakimu wa wilaya ya Pengze, na baada ya siku themanini hivi akaacha kazi, akarudi shambani kulima, kunywa na kuandika. Alipenda ua la ju, ambalo huchanua majira ya vuli wakati maua mengine yamekwisha. Tangu hapo ua hilo ni alama ya mtu aliyejitenga na vyeo. Nimesoma kwamba ju ni wa ukoo mmoja na pareto. Nyanya alilima pareto kwa miaka mingi na hakuwahi kuniambia ni ua la waliostaafu, lakini ukimwona siku hizi akikaa kibarazani utakubali linamfaa.

Msomi Zhou Dunyi, wa karne ya 11, aliandika insha fupi akisema ju ni mtawa, ua la peoni ni tajiri, na yungiyungi ni muungwana, kwa sababu linatoka kwenye matope na lenyewe halichafuki. Peoni ni lile ua nene jekundu ambalo mnaliona kwenye chupa za chai zilizotengenezwa Uchina. Sasa mkinywa chai mjue mnaombewa utajiri. Mwanzi nao una pingili, na neno la pingili, jie, ndilo hilo hilo la msimamo wa mtu; isitoshe, ndani yake uko wazi, kama moyo usiojaa majivuno.

WANYAMA NA WENYE NGUVU

Tuje kwa wanyama, maana huku ndiko kwenye moto.

Kuna hadithi katika kitabu kiitwacho Zhanguoce ambayo ingeweza kusimuliwa na bibi yeyote wa Kiafrika. Chui-milia, yule paka mkubwa wa Asia mwenye michirizi, alimkamata mbweha. Mbweha akamwambia, "Huthubutu kunila, mbingu zimenifanya mkuu wa wanyama wote. Kama huamini, nifuate nyuma uone." Wakaandamana. Kila mnyama aliyewaona akatimua mbio, na chui-milia akaamini kwamba mbweha anaogopwa. Sungura wetu angecheka mpaka aanguke! Lakini tofauti ni hii: sungura wetu kwa kawaida anasimuliwa jioni jikoni ili watoto wacheke na wajifunze. Hadithi ya mbweha ilisimuliwa barazani kwa mfalme wa Chu, alipouliza kwa nini nchi jirani zinamwogopa jemadari wake. Jibu lilikuwa kwamba hawamwogopi jemadari, wanaogopa jeshi la mfalme lililo nyuma yake. Msimulizi alikuwa anamchongea mtu mkubwa, na akamtumia mbweha kujikinga.

Chui-milia yuko pia katika kisa cha Confucius. Akipita karibu na mlima Tai alimkuta mwanamke analia kaburini. Mkwewe aliuawa na chui-milia, kisha mumewe, na sasa mwanawe. Alipoulizwa kwa nini hahami, alisema kwamba huko hakuna serikali ya kikatili. Confucius akawaambia wanafunzi wake wakumbuke jambo hilo. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Liu Zongyuan, ofisa aliyepelekwa mbali huko Yongzhou mwaka 805 kwa sababu ya siasa, aliandika kuhusu mtu anayekamata nyoka wenye sumu kali. Nyoka hao walihitajika kwa dawa, na mkamataji alisamehewa kodi. Babu yake aliumwa akafa, baba yake akaumwa akafa, na yeye mwenyewe karibu afe mara kadhaa. Liu alipojitolea kumwombea abadilishiwe kazi ili arudi kulipa kodi kama wengine, yule mtu alilia machozi. Nyoka anaweza kumuua mara mbili kwa mwaka tu, wakati watoza kodi huwatesa majirani zake kila siku.

Nimekisoma kisa hicho mara tatu. Nyoka humo si istiara hata kidogo, ni nyoka wa kweli mwenye meno. Ila ukimaliza kusoma unagundua kwamba aliyetisha hakuwa nyoka.

Je, wenye nguvu hawakujua wanasemwa? Walijua sana, na hapa namleta Su Shi. Huyu alikuwa mshairi mkuu wa enzi ya Song. Aliwahi kuandika shairi kuhusu miti miwili mirefu, akasema mizizi yake imeshuka wima chini sana, na kwamba anayejua unyofu wake huko ni joka lililolala ardhini. Mwaka 1079 alikamatwa na kushtakiwa kwamba anaidharau serikali kwa mashairi yake. Moja ya hoja zilizotolewa dhidi yake ilikuwa joka hilo. Kwa Wachina joka ni ishara ya mfalme, na joka la mfalme liko mbinguni. Mbona huyu anatafuta joka jingine chini ya ardhi? Inasimuliwa kwamba mfalme mwenyewe alisema mtu anaandika habari za miti, yeye inamhusu nini. Hata hivyo Su Shi alikaa kizuizini zaidi ya siku 100, akidhani atauawa, kisha akahamishiwa Huangzhou, mbali na mji mkuu. Kesi hiyo inaitwa kesi ya Jukwaa la Kunguru, kwa sababu ofisi ya wakaguzi waliomshtaki ilikuwa na jina hilo tangu zamani kutokana na kunguru waliojenga viota katika miti yake.

Neno moja la mnyama, siku 100. Msidhani ni mambo ya Uchina peke yake. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani, na mnazi unaogombaniwa na ndugu wawili humo si mnazi wa madafu tu.

Neno lenyewe "joka" linanipa taabu. Kichina husema long. Huyo ni kiumbe wa maji, anayelala vilindini na kupanda mbinguni, na ndiye aletaye mvua. Kijiji kikikosa mvua humwomba yeye. Sisi tukitafsiri "joka", Mkenya aliyesoma Ufunuo anamwona Shetani mara moja. Neno limetafsiriwa, lakini maana imebaki bandarini. Mimi ningependekeza tuseme "long" tu, kama tulivyokubali "jini" na "malaika" kutoka kwa Waarabu. Walimu wetu wanisahihishe kama nimekosea.

TWIGA WETU

Hii sehemu ndiyo niliyokuwa naingoja kuiandika.

Katika vitabu vya Kichina kuna mnyama aitwaye qilin. Ana mwili kama wa paa-swara, mkia wa ng'ombe, na pembe iliyofunikwa na nyama. Ni mpole kiasi kwamba hakanyagi mdudu wala jani bichi. Huonekana tu wakati wa mtawala mwema. Kumbukumbu za dola ya Lu, ambazo kwa mapokeo huhusishwa na Confucius, zinaishia mwaka 481 K.K. kwa habari ya qilin aliyekamatwa, na inasimuliwa kwamba Confucius alilia, kwani mnyama wa amani amekuja wakati usio wa amani. Huyo ni mnyama wa vitabuni. Hakuna aliyewahi kumwona.

Sasa songa mbele hadi enzi ya Ming. Mfalme Yongle alikuwa amemnyang'anya ufalme mtoto wa kakake mwaka 1402, kwa vita. Alituma merikebu kubwa chini ya Zheng He, zikafika Bahari ya Hindi. Mwaka 1414 akaletewa mnyama wa ajabu kutoka Bengali: shingo ndefu, mwendo wa pole, pembe mbili ndogo zenye ngozi. Alikuwa twiga, na kwa kuwa Bengali hakuna twiga, bila shaka alitoka Afrika. Wakuu wa baraza wakasema, qilin huyo! Msomi Shen Du akamtungia sifa, na picha iliyochorwa ipo hadi leo. Mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi wenyewe wakafika na twiga wao, na mfalme akatoka kwenye lango la kasri kumpokea.

Hebu fikirieni. Huku kwetu twiga ni twiga. Ni mnyama mrefu anayekula majani ya mgunga. Alipokanyaga kule akawa ushahidi kwamba mfalme ni halali, mfalme ambaye pengine alihitaji ushahidi huo kuliko wengine. Twiga mwenyewe hakubadilika hata nywele moja. Kilichobadilika ni vitabu alivyosomewa.

NDEGE, NA NYANYA TENA

Nikiwa na hayo yote kichwani nilirudi kwa nyanya. Nilianza na kunguru, kwa sababu nyanya humchukia kwa kula vifaranga wake. Nilimwambia kwamba kule kunguru ni mfano wa mtoto mwema, kwani waliamini akikua huwalisha wazazi wake waliozeeka, na kwamba mshairi Bai Juyi aliandika shairi la kunguru anayemlilia mamake. Nyanya akasema, "Basi waje wachukue wetu."

Nikamwambia habari za bata bukini wa mwituni wanaohama kila vuli. Mjumbe Su Wu alikamatwa na Waxiongnu mwaka 100 K.K., akazuiliwa miaka 19 akichunga kondoo kaskazini kwenye baridi. Waxiongnu wakadai amekufa. Mjumbe wa Han akamwambia chifu wao kwamba mfalme amepiga bata bukini kwa mshale bustanini na kukuta barua ya Su Wu mguuni mwake. Ulikuwa uongo mtupu! Hakukuwa na barua. Lakini chifu alishtuka, na Su Wu akarudi nyumbani mwaka 81 K.K. Tangu hapo bata bukini angani ni barua kutoka kwa aliye mbali. Hiyo nyanya aliipenda. Aliniomba niirudie.

Mwisho nikamsimulia kuhusu Jia Yi, ambaye nilikuwa nimemweka kiporo kwa makusudi. Alikuwa kijana hodari wa enzi ya Han, aliyezaliwa mwaka 200 K.K., akaonewa wivu na kupelekwa Changsha, nchi ya unyevu, ambako alihisi hataishi sana. Siku moja ndege wa jamii ya bundi aliingia nyumbani mwake akatua kwenye pembe ya mkeka wake, ametulia kabisa. Watu wa huko waliamini kama sisi: ndege huyo akiingia, mwenye nyumba atatoka. Jia Yi akafungua kitabu cha ramli, nacho kikasema vivyo hivyo. Ndipo akatunga utungo wake, anamuuliza ndege, na ndege anamjibu kimoyomoyo kwamba mambo yote yanageuka bila kukoma, heri na balaa zinakaa nyumba moja, na mwenye busara haogopi. Tena nikamwambia jina la ndege huyo, kwa matamshi ya leo, ni fu. Sawa na popo. Sawa na heri.

Nyanya alinyamaza muda mrefu, akichambua maharagwe. Kisha akauliza, "Na huyo kijana alikufa?"

Nikasema ndiyo, miaka michache baadaye, mwaka 168 K.K. Mwana wa mfalme aliyekuwa akimfundisha alianguka kutoka kwenye farasi akafa, naye akajilaumu na kulia mpaka akafa.

"Si nilikwambia," akasema nyanya.

Nikamwambia kilichomuua ni huzuni ya farasi, siyo bundi. Akasema huzuni ilikuwa kwa babu pia. Hapo sikujibu, na maharagwe tukayamaliza kimya.

Kitambaa hakijatundikwa ukutani hata leo. Lakini juma lililopita nilipokuwa nikitafuta soksi nilikikuta kwenye sanduku la nyanya, chini ya shuka zake nzuri, kimekunjwa vizuri, popo watatu juu na wawili ndani. Mjomba alikuwa amesema atakichukua. Nyanya anasema hajui kimefikaje humo.